Fundi Aliyempa Mama Ubavu

Ukimshukuru Fundi, alikasirika. Wala si hasira ya mzaha. Alikunja uso, akageukia mbao zake, akakuacha umesimama na ahsante yako kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Mama yangu alilelewa Simbo, kwa watu ambao kushukuru kwao ni nusu ya mazungumzo, na tabia hiyo ilimtesa. Alimshukuru kwa maneno. Alimshukuru kwa sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Alimshukuru kwa kumwombea dua mbele yake, bila kujali kwamba yeye ni Mkristo na Fundi ni Mwislamu. Mgebuka Fundi alikula wote na kufyonza kichwa. Dua aliitikia amina. Ahsante aliikataa.

"Mama Mwalimu," alimwambia, "chombo hushukuriwa kikifika. Sasa hiki kimefika wapi?"

Mwalimu ni mimi. Nafundisha shule ya msingi, na kama walimu wengi nina ugonjwa wa kusahihisha watu. Kwa miaka miwili nilimsahihisha Fundi naye akanisahihisha, na kama ungeniuliza wakati ule ningekwambia mzee yule amenichosha. Siku hizi watoto wakiwa kimya wanafanya hesabu, nami nikasikia mtu anagonga msumari mahali, moyo unaniruka. Nimemkumbuka kuliko nilivyotegemea kumkumbuka mtu ambaye si ndugu yangu.

Alikuwa mjenzi wa maboti ya mbao pale Ujiji, yale ya wavuvi wa dagaa. Mfupi, mikono minene, kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Alinuka mawese kila saa, kwa sababu maungio ya mbao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mawese, naye alijifutia vidole popote: kwenye suruali, ukutani, na siku moja kwenye daftari langu la maandalio ya somo. Kuhusu alikotoka nilisikia mengi. Wapo waliosema ni mtu wa ng'ambo, wapo walioapa kwamba babu yake kazikwa hapa hapa Ujiji. Mwenyewe alibadilisha jibu kulingana na aliyeuliza, kwa hiyo mimi sikujisumbua kuuliza.

Kilichonishangaza ni kwamba hakupanda boti. Hata moja. Aliingia majini mpaka magotini kusukuma chombo kipya, kisha akarudi nyuma upesi kama aliyekanyaga kaa la moto. Wavuvi walimtania, "Fundi, twende basi hata hapo Kibirizi tu!" Naye akajibu, "Mimi najenga. Kupanda ni kazi ya wenye haraka." Ziwa lenyewe alilizungumzia kama jirani mkorofi. Miaka ile lilipofura na kumeza fukwe, lilimeza uwanja wake wa kazi. Akahama juu kidogo, likamfuata. Akahama tena, mbao begani. "Linanitafuta mimi," alisema, "lakini miguu ninayo."

Miguu ndiyo iliyonipeleka kwake. Mama alianguka jikoni asubuhi ya Jumapili, kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, na ulirudi na maneno yake yote, hata yale ya kunisema. Mkono ulibaki umejikunja kifuani na mguu ukawa unaburuta. Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha Kasulu. Nilikuwa na vyumba viwili, darasa nililolipenda, na mwalimu mwenzangu wa hesabu ambaye alishaanza kuzungumza na wazee wake habari zangu. Nikaomba uhamisho. Nikapata shule ya Simbo, nikahamia kwa mama Ujiji, nikawa natoka alfajiri kwa pikipiki na kurudi jua limeshainama. Mchana jirani yetu muuza dagaa alikuwa akimtupia mama jicho.

Kwa Fundi nilikwenda kutafuta mkongojo tu. Akaniuliza wa nini, nikaeleza, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka nikaeleza zaidi ya nilichoulizwa.

"Nataka mama atembee, Fundi. Siku atakayotoka kwetu mpaka hapa uwanjani kwako kwa miguu yake, bila mimi kumshika, nitajua amepona. Nami nitarudi Kasulu kwenye maisha yangu."

Alijifutia vidole kwenye suruali. Kisha akatazama njia niliyokuja nayo.

"Kutoka kwenu mpaka hapa kuna mteremko, mfereji mmoja, na mchanga," alisema. "Haya. Hapa ndipo atakapofika."

Jioni hiyo hiyo alikuja nyumbani kumpima mama, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na mlango, akamsimulia mama neno kwa neno nilichosema uwanjani. Niliona aibu. Mama alicheka tu. "Kumbe nimewekewa mtihani," alisema. Tangu siku ile, kila tulichofanya tulikipima kwa njia ile, kutoka baraza yetu hadi lango la Fundi, njia ya dakika kumi kwa mtu mwenye pande mbili.

Kupima kwenyewe kulikuwa vita. Mimi nilileta futi ya kushonea, nikaleta na kalamu. Fundi alileta kamba ya nyavu. Alimpima mama kutoka kwapa hadi kisigino, akafunga fundo. Kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole vilivyojikunja, fundo. Akamwambia ameze mate, apumue, aegemee ukuta, na kila alipohema alipima upya kifua. Nilimwambia namba zingemrahisishia kazi. Akasema namba hazikumbuki mtu. Kamba ile aliitundika kwenye msumari uwanjani kwake, na hata kama ungemwonyesha kamba tatu zinazofanana angekwambia ipi ni ya Mama Mwalimu.

Chombo cha kwanza alikosea kama mjenzi wa maboti, na sidhani kama fundi wa mahali pengine angekosea hivyo. Hospitali walikuwa na fremu za chuma za kutembelea, zile za kushika kwa mikono miwili. Fundi aliiga moja kwa mbao. Mkono wa kulia wa mama ukateleza, mwili ukalala kulia. Sasa boti likilala kulia, kila mvuvi wa Ujiji anajua dawa yake: hamishia mzigo kushoto. Fundi akajaza mchanga kwenye kifuko, akakitundika upande wa kushoto wa fremu. Na kweli, mama alisimama wima kabisa! Tulipiga makofi. Jirani alipiga kigelegele.

Kijana wa mazoezi hakupiga makofi. Huyu alikuwa mtaalamu wa viungo kutoka hospitali, aliyekuwa akija kumwona mama kila baada ya wiki mbili. Alichuchumaa, akatazama mguu wa kulia wa mama. Ulikuwa unaning'inia, umegusa chini kwa ncha ya kidole gumba tu.

"Mzee," alisema kwa adabu, "umemfanya asimame, lakini mguu wake umekuwa abiria. Mguu usiobeba, ubongo unausahau. Tunataka ubebe. Kidogo kidogo, lakini ubebe."

"Kwa hiyo boti liendelee kulala?"

"Mama si boti, Mzee."

Fundi alinuna siku tatu. Hakupita kwetu, hakujibu salamu za kutumwa. Siku ya nne akaja na kofia mkononi na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kijana yule ana akili, lakini asijue kama amesema hivyo. Kufika adhuhuri alikuwa ameshawaambia watu wote wa mwaloni, pale maboti yanapotia nanga, na kesho yake akamwambia kijana mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikataza sukari kana kwamba ni sumu, akanywa maji ya moto matupu na kutuhubiria sote, na mfukoni mwake hakukosa kipande cha muwa. Aliwafokea wateja waliochagua mbao kwa macho bila kuzigonga, na mimi nilimwona akibembeleza ubao uliopasuka, akiuambia "pole, pole" kama mtoto. Hakuwahi kukosa swala, lakini akiwa anapiga randa alipiga mluzi wa nyimbo za dansi ambazo sheikh asingependa kuzisikia. Aliniita Mwalimu mbele za watu, na tukibaki wawili aliniita mwanangu. Mimi sina baba tangu nikiwa darasa la pili. Nilijifanya sisikii tofauti, na nilikuwa naisikia kila mara.

Kuna methali ambayo watu wetu huipenda: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake mpe tu, usimsumbue kwa maswali. Jirani alimtupia Fundi methali hiyo siku moja alipoona mama anahojiwa tangu asubuhi. Unaogopa nini ukisimama? Mguu unahisi ardhi au hauhisi? Ukiwa unalala, mkono unauweka wapi? Fundi hakuinua hata kichwa. "Kwa uji sawa," alisema. "Kwa mguu ataulizwa."

Na swali lake kubwa halikuwa mama anaweza nini. Hilo lilikuwa swali letu sisi, mimi na hospitali. Yeye aliuliza, "Mama Mwalimu, unataka kwenda wapi?"

Mama alisema kanisani. Fundi akatikisa kichwa, kanisani utapelekwa. Akasema kwa dada yake Simbo. Hapo pia utapelekwa. Mama akavuta kanga yake, mwisho akasema, "Nataka tu kupita barabarani. Watu wanione ninapita." Fundi akasema hilo sasa ni jibu.

Chombo cha pili kilikuwa cha upande mmoja. Alitupa wazo la fremu akatengeneza kitu kilichosimama kuliani kwa mama tu, kwa sababu kushoto alikuwa mzima na hakuhitaji kusaidiwa. Mbele kilikuwa na gurudumu moja la mti, pana, lisizame mchangani. Nyuma kilikuwa na miguu miwili iliyovishwa raba ya tairi la pikipiki. Juu palikuwa na kihori kidogo, kimetandikwa kitambaa cha kanga, cha kulaza ule mkono mgonjwa. Mama akikisukuma, uzito ulishuka kupitia mkono ule hadi mguu ule, na mguu ukalazimika kubeba. Watu walipouliza kinaitwaje, Fundi alisema hakina jina. Mama ndiye aliyekiita ubavu. "Kiharusi kimenichukulia ubavu wangu," alisema, "Fundi kanipa mwingine."

Ubavu ule ulimwangusha. Nilikuwepo, na kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa mguu.

Kwetu Waha salamu haimalizwi kwa mdomo. Mwanamke akikutana na aliyemzidi umri, anainama, anakutanisha viganja, anapiga makofi laini huku anaulizia watu wa nyumbani, mmoja mmoja, kisha mvua, kisha shamba. Hakuna anayekimbilia mwisho. Siku ya kwanza mama kutoka kwenda barabarani, mimi nikiwa hatua moja nyuma yake, alitokea bibi mmoja wa Rusimbi anayemfahamu tangu usichana. "Mwakeye!" bibi akamsalimia kwa Kiha, kwa furaha. Mama hakufikiri. Aliachia ubavu, akaudaka mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili apate viganja viwili vya kusalimia, akainama. Akaenda chini na uso mchangani. Yule bibi alilia kuliko mama.

Uso ulivimba wiki nzima. Kijana wa mazoezi akashauri kwa nia njema kabisa, "Kwa sasa asisalimie kwa mikono. Aitikie kwa kichwa tu." Mimi nilikubali. Nilikuwa tayari kukubali chochote ambacho kingemfikisha lile lango.

Fundi aliweka chini kikombe chake cha maji moto.

"Mwanamke wa Simbo apite mbele ya mkubwa wake akitikisa kichwa kama mjusi?"

"Ni kwa muda, Mzee."

"Mtu asiyesalimia ndiye mgonjwa. Huo mguu ni mguu tu. Mimi sitengenezi chombo cha kumpitisha mgonjwa barabarani. Natengeneza cha kumpitisha Mama Mwalimu."

Kijana hakubisha. Alitoa karatasi, akaanza kuchora, na nikaona wawili wale wameinamia karatasi moja, mmoja na kalamu, mwingine na kamba. Wiki tano baadaye ubavu wa tatu ulikuja. Ulikuwa ule ule wa pili, ila mbele yake ulipita ubao uliopinda, umekunjwa kwa mvuke kama Fundi alivyokunja mbavu za boti, ukilingana na kifua cha mama pumzi kwa pumzi. Ukitembea unaushika kwa mkono mzima. Ukisimama unauegemea kwa kifua, na mikono yote miwili inabaki yako. Kijana alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Alimwahidi Fundi kwamba mama akishafika uwanjani kwa ubavu ule, atawaleta wakubwa wake wauone, maana wapo wagonjwa wengi waliojifungia ndani kwa sababu ambazo hospitali haikuwahi kuwauliza.

Sijawahi kumwona Fundi na furaha kama ile. Alizungukazunguka uwanja akipanga mbao ambazo zilishapangwa.

Kisha mama akaishia jikoni.

Wiki za kwanza alitembea vizuri, kutoka baraza hadi jikoni na kurudi. Baada ya hapo hakuongeza hatua. Nilirudi kutoka Simbo kila jioni nikamkuta amekaa pale pale. "Vipi leo, mama?" "Leo mguu umekataa, mwanangu." Jumamosi nilimsimamisha nimpeleke angalau barabarani, akafika kwenye kizingiti, akahema, akaomba kukaa. Fundi akija alikuwa mkali kidogo, mfupi wa maneno, hanitazami usoni. Nilidhani ni aibu ya kazi iliyoshindikana. Mwishowe akaacha kabisa kuja jioni.

Miezi ikapita. Mwalimu wa hesabu kule Kasulu alisubiri, kisha akaacha kusubiri, na simlaumu. Kijana wa mazoezi alihamishwa mkoa. Kabla ya kuondoka alinipigia simu. "Mama amefika uwanjani?" Nikamwambia, "Hapana. Na kusema kweli sidhani kama kile kitu kinafaa." Akasema ni bahati mbaya, na sikumsikia tena. Wakubwa wake hawakuja.

Mama alifariki kiangazi kile, kiharusi cha pili, usiku mmoja tu. Matanga yalipokwisha niliubeba ubavu mwenyewe, nikateremka ile njia, nikauvuka mfereji, nikauweka langoni kwa Fundi. Alikuwa amesimama na randa mkononi. Nilikuwa nimejaa, na nilimmwagia yeye.

"Chombo chako hiki, Fundi. Hakikumfikisha popote. Ulinipa matumaini ya bure miaka miwili."

Mtu yule, ambaye hakuwahi kukosa la kujibu, aliweka tu randa chini. "Pole sana, Mwalimu," alisema. Nikageuka. Mwezi uliofuata nilirudi Kasulu, na kila nilipoulizwa habari za Ujiji nilisimulia habari za mzee mmoja mjuaji aliyetuchezea.

Likizo iliyopita nilirudi kuangalia nyumba. Sikuwa na mpango wa kwenda kwa Fundi. Nilikuwa nafagia baraza jirani alipokuja kunisalimia, akazungusha maneno, mwisho akasema, "Fundi anasema upite. Na usichelewe, Mwalimu. Siku hizi hayuko vizuri."

Nilimkuta ameketi kwenye benchi, vijana wawili wakifanya kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Mikono ile minene ilikuwa imebaki mifupa. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Bado una hasira?"

"Kidogo."

"Kaa." Akanyoosha kidole langoni. "Mama yako alifika."

Sikumwelewa. Nilimuuliza alifika wapi.

"Hapa. Aliingia pale. Ulikuwa umeshapanda pikipiki yako kwenda Simbo. Aliingia na jasho, na ubavu wake, jirani yake nyuma, hajamshika. Mwanangu, nilitupa randa. Nikasema nakwenda Simbo mwenyewe sasa hivi nikamwambie Mwalimu! Akaniita. Akasema, 'Fundi, ukimwambia ataondoka. Siku ya kwanza alisema. Niache nikae naye kidogo.'"

"Kidogo kiasi gani?"

"Miezi saba. Jumanne na Alhamisi. Alikaa hapo ulipokaa."

Nilitazama benchi kana kwamba ningeona kitu. Nikamuuliza nani mwingine alijua, naye akasema, kwa uso wa mtu anayetoa habari ya kawaida, kwamba alijua jirani, muuza kahawa, wavuvi, bibi wa Rusimbi, na mtaa wote. Ujiji! Mji ambao ukikohoa chumbani wanakuuliza kifua sokoni. Wazee wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yangu alificha afya, na watu wote wakamsaidia kuificha.

"Nawe ukakubali nije nikutukane?"

"Ulitukana kazi yangu. Yeye aliomba kukaa na mtoto wake. Ningechagua kipi?"

"Na kijana wa mazoezi? Wakubwa wake?"

Alifungua viganja vyake juu ya magoti.

Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikakumbuka vyumba vyangu viwili, nikamkumbuka yule mwalimu ambaye sasa ana mke na watoto wawili. "Angeniambia tu," nilisema. "Angeniambia ukweli, ningekaa."

"Ungekaa?"

Aliuliza bila ukali, kama alivyomuuliza mama kuhusu mguu, anataka kujua. Nilitafuta jibu la kweli. Lililokuja sikulipenda. Ndipo hasira ikaniishia yote kwa mkupuo, ikabaki hamu, hamu ya mama ambayo nilikuwa nimeifunika kwa kumlaumu mzee wa watu. Jumanne na Alhamisi. Mimi ninaandika tarehe ubaoni Simbo, na yeye yuko njiani.

Sikuwahi kumwona mama akitembea barabarani. Watu wote walimwona isipokuwa mimi.

"Alikuwa anatembeaje, Fundi?"

Alinitazama, kisha akamwita mmoja wa vijana, akamwambia amletee ubavu uliokuwa ndani. Alisimama kwa shida. Akalaza mkono wake wa kulia kwenye kihori, akakunja vidole. Akaenda nao taratibu mpaka langoni, akageuka, akanielekea.

Alitanguliza ubavu. Akatanguliza mguu wa kulia, akiuzungusha kwa nje kidogo, kisigino kikichelewa. Bega la kushoto likainuka. Kidevu kikawa juu, juu kabisa, jinsi mama alivyokiinua akipita mbele ya watu asiowapenda. Hatua, pumzi, hatua. "Hapa ndio mfereji," alisema. "Alikuwa anausimamia kwanza, anautukana, ndio anavuka." Akausimamia mfereji usiokuwepo. Akavuka. Vijana waliacha kupiga misumari. Mguu ule ulikuwa unabeba. Mwili mzima wa mama ulikuwa unanijia pale uwanjani, mzito, mkaidi, bila mtu wa kumshika, ukapita vumbi la mbao, ukapita kamba zilizotundikwa, mpaka ukanifikia kwenye benchi ukasimama.

Fundi alikuwa anahema. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni.

"Inatosha?" aliniuliza.

"Rudia," nilimwambia.

Akageuza ubavu, akaanza kurudi langoni.